Msimamizi Asiyembeba Wifi Yake

Mwanafunzi huyu wa uzamivu katika ushauri nasaha ana sauti tatu. Asubuhi akiwafundisha wanafunzi wa uzamili hupaza sauti na kurusha mikono. Mchana, mbele ya mteja, huishusha na kutuliza viganja mapajani. Jioni, kwa profesa wake, hugugumia huku akifuta miwani isiyo na vumbi. Muhula huu, kati ya wanafunzi aliopangiwa kuwasimamia na kuwapa alama, alikuwamo wifi yake, dada wa mumewe. Wifi aliingia ofisini akicheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

“Wifi, sasa mambo yangu yamenyooka!”

Msimamizi akamkumbatia, wakacheka wote, kisha akaenda moja kwa moja kwa profesa. “Huyu ni ndugu yangu. Naomba apewe msimamizi mwingine.” Siku hiyo hakugugumia, na profesa akakubali. Wifi alinuna muhula mzima, na mama mkwe akawa anaitikia salamu zake kwa mkato. Aliumia, lakini hakurudi nyuma. Matokeo yalipotoka, wifi alimpigia simu yeye kwanza.

“Wifi, nimefaulu! Na hakuna wa kusema nilibebwa!”

Msimamizi, aliyepokea simu katikati ya kipindi, akaruka juu mbele ya darasa, kalamu ya ubao mkononi, na wanafunzi wake wakampigia makofi bila kujua ni ya nini.