Shemeji Aliandikiwa Malaria

Kolera ilipofika Likasi nilikuwa mtaa wa Panda, kwa yaya, dada yangu mkubwa. Barabara zilifungwa, na mtu kama mimi, asiyetulia mahali, hakuwa na pa kwenda. Shule niliiacha mapema, huko Mulungwishi, lakini kuuliza sikuacha. Mume wa yaya alinitania, "Weye ungesoma, ungekuwa juge wa korti. Ungefunga watu na maswali tu."

Shemeji alikuwa akienda Kambove kwa baiskeli kuchukua makala, yaani mkaa, ili auze. Kwenye kizuizi cha barabara walisimama askari na mchoma sindano. Bila karte ya chanjo hupiti. Siku moja nilifuatana naye. Mchoma sindano akamuuliza, "Papa, unataka sindano ao unataka karte?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

"Karte, sitwayeni ndugu yangu. Mukono ikivimba, makala nitabeba na meno?"

Akatoa kuku aliyemfunga kwenye baiskeli, akapigiwa muhuri wa karte bila sindano. Wengi walifanya hivyo.

Haukupita muda mrefu, shemeji akaanza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Tulimpeleka zahanati asubuhi. Mchana akakata roho.

Siku zile, mtu aliyekufa kwa kolera hakurudishwa nyumbani. Watu wa usafi walimtia katika saki, yaani gunia la plastiki, wakampakia kwenye kamyo, lori lao, wakamfukia na chokaa mbali na makaburi ya wengine. Hakuoshwa wala hakuliliwa. Yaya aliogopa hilo kuliko ujane. Ndugu za mume wangesema amemtupa kama mbwa. Akafungua fundo la kitambaa chake, akamwekea muganga wa zahanati ile karte ya shemeji mezani.

Muganga akaitazama. "Iko na sindano. Basi haiko kolera. Nitaandika malaria."

"Na yale maji yote?" nikauliza.

"Mudogo, weye uko docta?"

"Hapana."

"Basi. Wakubwa wanasema mwenye sindano hafi na kolera. Nikiandika kolera na karte iko hapa, wataniuliza miye."

Yaya akanibana mkono. "Nyamaza, mudogo yangu. Acha niende naye nyumbani."

Tukaenda naye. Wanawake walimwosha kwa mikono yao, kisha wakakaa kumega bukari, ugali wetu, kwa mikono ileile. Niliwaletea sabuni. Shangazi wa marehemu akaisukuma pembeni. "Unamwona ndugu yetu kuwa uchafu? Karatasi ya muganga inasema malaria!" Wengine wakaniangalia vibaya, wakaendelea kula. Wakati kilio bado kinaendelea, redio ya jirani ilitangaza kwamba vifo vya kolera katika mji wetu vinapungua. Nilifikiria ni wangapi waliozikwa mtaani kwetu kwa jina la malaria.

Yaya aliugua kabla kilio hakijaisha. Zahanati haikuwa tena na serumu ya kumtundikia mshipani. Tulimnywesha maji ya chumvi na sukari, akayatapika. Macho yaliingia ndani, ngozi ya vidole ikajikunja kama ya mfuaji nguo.

"Usiache wanitie mu saki," aliniambia. "Unilaze karibu na yeye."

Nilimwambia ndiyo. Ningemwambia nini?

Alipokufa, shangazi alikuja na karte aliyoazima kwa jirani. Alipiga magoti mbele ya muganga, akamshika miguu. "Papa, fanya kama siku ile. Tumukamate mutoto wetu, tumuoshe."

Muganga alikuwa amechoka. Karte hata hakuifungua. Akachukua bic, akaanza kuandika. Nje wanawake walikuwa wamekwisha kutandika mkeka kwenye mkokoteni; niliwajua, ni walewale waliomwosha shemeji.

"Iko kolera," nikasema. "Andika kolera."

Shangazi akageuka. "Unasema nini?"

"Alikufa na kolera. Bwana yake pia."

Shangazi alinipiga kofi, kisha akaketi chini kama aliyevunjika kiuno. Muganga akachana karatasi, akachukua nyingine.

Walimtia yaya katika saki mbele yangu. Waliniruhusu kufuata kamyo kwa miguu, lakini si kukaribia shimo. Niliona chokaa ikimwagwa, nikarudi Panda.

Kwenye kilio walinikataza nisiingie. "Nenda ukalie pamoja na muganga wako," shangazi alisema, akafunga mlango. Nikaketi nje, mgongo ukutani. Ndani walikuwa wakimlilia yaya kwa jina lake la utoto. Halafu mlango wa nyuma ukabamizwa, nikasikia mmoja wao akikimbilia chooni.