Nilivyomtafsiria Papa msimu wa mwisho

Papa hakujua Kiingereza, na macho yake yalikuwa yameshaondoka na kisukari. Kwa hiyo nyumbani kwetu Cimpunda, hapa Bukavu, filamu ilipita mdomoni mwangu. Umeme ukija mchana, naacha madaftari ya wanafunzi wangu, nachomeka flashi kwenye televisheni, nakaa kando yake na kutafsiri. Nikinyamaza kidogo ananigonga goti: "Sema yote yenye banasema, mama. Usinikatie."

Tulikuwa tumefika msimu wa mwisho wa tamthilia ya wachunga ng'ombe wa Marekani, wale wa kofia pana na bastola kiunoni. Mimi nilimpenda mjane mwenye hoteli na daktari mlevi. Misimu yote wanagombana, hakuna anayemwambia mwenzake nakupenda, na bado kila jioni mjane anamwekea daktari sahani yake. Kuna mahali anamshonea kifungo cha koti akiwa amelivaa, wote wawili wamenuna. Nililia pale, nikatafsiri huku nalia. Papa akasema, "Hao bameshaoana, bado tu padri."

Papa naye aliwapenda wengine: ndugu wawili wazee waliokosana juu ya ng'ombe wa baba yao. Sikuhitaji kuelezwa sababu. Mdogo wake Papa mwenyewe analima Luvungi, kule bondeni. Siku ya kumzika nyanya yangu, Papa kama mkubwa aliamua azikwe Bukavu. Baba mdogo alitaka arudishwe Luvungi, kando ya mume wake. Walitukanana mbele ya sanduku. Miaka saba ikapita, hata salamu hakuna. Kwetu mdogo ndiye anayetangulia kuja kwa mkubwa, na Papa aliishika desturi hiyo kwa meno. Na figo zake zilikuwa zinakwisha.

Ikafika sehemu ya mwisho kabisa. Ndugu mkubwa amelala kibandani, anakata roho. Mke wake anamsihi amwandikie mdogo, anakataa. Mdogo anasikia habari kwa wapita njia, anapanda farasi, anavuka theluji siku na siku.

"Eko wapi sasa?" Papa akauliza.

"Eko njiani."

Akanishika mkono. Kwenye kioo cha televisheni, mdogo alishuka farasini, akakuta kaburi bichi, akavua kofia. Nikautazama uso wa Papa, umeinuliwa, unangoja, nikashindwa. Nikasema, "Amefika. Mukubwa angali muzima. Wamekumbatiana."

Nilidhani nampa moyo wa kumtafuta mdogo wake. Mjinga mimi! Papa alipiga paja, akacheka mpaka akakohoa. "Unaona? Bila kuitwa! Na wetu atakuya vilevile."

Watu waliotunga hadithi ile walikuwa wamemwambia ukweli, wamemwambia waziwazi, nami nikauziba kwa mdomo wangu. Miguu yake ilipoanza kuvimba nilimwomba nipige simu Luvungi. "Hapana. Atakuya mwenyewe. Si ulimuona yule?" Ningesema nini? Kwamba yule alikuta kaburi? Niliona aibu, jamani, aibu ya filamu! Wiki tatu, kila pikipiki iliyosimama kule chini njia yetu inapoanzia, Papa aligeuza kichwa. Nami nikawa namwambia labda kesho.

Alikufa Jumanne asubuhi, uso ameuelekeza mlangoni. Hapo ndipo nikapiga simu.

Baba mdogo alifika kesho yake, viatu vimejaa udongo wa bonde. Alikaa muda mrefu kando ya maiti. Kisha akaniita uani.

"Aliniulizia?"

"Kila siku, Papa mudogo."

"Nilikuwa nangoja neno moja tu. Hata kutoka kwa mutoto wake." Akafuta uso kwa kiganja. "Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Na namba yangu?"

"Nayo."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinitazama tu, mzee wa watu, machozi yanamtiririka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mutoto yangu, weye ulikuwa unangoja nini?"