Ndevu za Mwalimu, Upande Mmoja

Baba yangu ni kinyozi wa wembe. Usije ukamwita kinyozi wa mashine, atakutazama kama umemtukania ukoo. Mashine, kwa maneno yake, ni ya kunyolea kondoo, na hata kondoo wenyewe hawakuulizwa. Yeye ana wembe wa kukunja, mkanda wa ngozi wa kuunolea, na kanuni moja ya kazi: ukifika kwenye koromeo la mtu, unabana pumzi. Kifua kikitulia, mkono nao unatulia. Ukivuta hewa hapo, mteja anakwenda nyumbani na kumbukumbu.

Sasa, ili ubane pumzi, sharti uwe nayo.

Mapafu ya Baba yamechoka. Daktari alisema mirija ya hewa imesinyaa na haitarudi kama zamani. Dawa ni za kumsaidia kuishi na ugonjwa, si za kuufukuza. Akapewa pampu ya kahawia ya kuvuta mdomoni kila siku, pampu ya bluu ya kifua kikibana, na vidonge vya siku mambo yakizidi. Vidonge vilimnyima usingizi, vikampa njaa ya nyumba nzima na mashavu ya mtoto aliyelelewa na bibi. Jirani akamsifu kwamba amenenepa.

"Matunzo hayo," Baba akamjibu, akihema.

Mashavu tuliyacheka. Mkono hatukuucheka. Akivuta ile ya bluu kifua kinafunguka, lakini vidole vinaanza kucheza ngoma ambayo hakuna aliyeipiga. Alipomlalamikia daktari, akaambiwa, "Mzee, mtetemo huo si hatari, unapita wenyewe. Ngoja utulie ndipo ushike kazi. Ila usiache kuvuta." Si hatari! Kwa karani, pengine. Karani akitetemeka anaharibu barua.

Juzi alimkata mteja sikio. Kidogo tu, lakini damu ya sikio haijui kidogo. Baba Mdogo, yaani mdogo wake, mwenye kiti cha pili humo saluni na mashine zinazoning'inia ukutani, akasubiri mteja atoke.

"Kaka, nakuheshimu. Lakini damu ikimwagika tena humu, wembe basi."

"Wembe ukiondoka, na mimi naondoka."

"Uende wapi, kaka? Na kwa pumzi ipi?"

Baba akataka kucheka, kikohozi kikamuwahi.

Haya yote nayajua kwa sababu mimi ndiye ninayefua taulo na kupokea hela mlangoni, kazi niliyoipata baada ya chuo na mimi kuchokana.

Jumamosi akaja Mwalimu. Huyu ni mstaafu, rafiki wa Baba tangu sijazaliwa, na hajawahi kuguswa kidevu na mtu mwingine. Toka nyumbani kifua cha Baba kilikuwa kinapiga filimbi, na pampu ya bluu hakuigusa.

"Baba, vuta."

"Nikivuta, Mwalimu nitamnyoa na nini? Na miguu?"

Nikaitia pampu mfukoni mwangu. Ukishindana na Baba unashindana na ukuta, tena ukuta wenye majibu.

Akampaka Mwalimu povu. Shavu la kulia likashuka safi, mkono umetulia kama zamani, hata Baba Mdogo akaacha kazi yake akatazama. Baba akamwinua Mwalimu kidevu, akafika kwenye koromeo, akabana pumzi.

Pumzi haikurudi.

Niseme haki yake: kwanza aliondoa wembe. Aliuinua juu, mbali na shingo ya watu, ndipo akashika mgongo wa kiti, midomo ikibadilika rangi, mabega yakipanda na kushuka bila kuleta kitu. Nikamfikia na pampu. Akavuta, akatulia kidogo, akavuta tena. Polepole hewa ikapata njia. Na vidole vikaanza ngoma yao.

Mwalimu alikuwa amekaa pale, upande mmoja kioo, upande mwingine kichaka chenye povu.

"Pumzika, ndugu yangu," akasema. "Ndevu hazina haraka. Ila usiniache hivi, mke wangu atadhani nimefumaniwa katikati ya kunyolewa."

"Tunaenda hospitali," nikasema mimi.

"Namalizia mteja," Baba akasema.

Tukangoja mkono utulie. Povu likakauka, nikalilowanisha, likakauka tena. Baba aliulaza mkono juu ya goti, akiutazama kama mtu anayemngoja mtoto mtukutu asinzie. Mtetemo ukapungua. Na ulipopungua, nikaisikia filimbi: nyembamba kwanza, kisha ikajaza chumba. Yeye aliisikia kabla yangu. Mkono unakuja, pumzi inaondoka. Viwili hivyo vilikuwa vimeacha kukutana ndani ya baba yangu.

Akasimama. Akauweka wembe kwenye koromeo, akajaribu kubana. Kikohozi. Akauondoa, akaufuta, akaukunja.

"Nipe mashine," akamwambia mdogo wake.

Baba Mdogo akazipitia mashine zake ukutani. Akachagua iliyo nyepesi, akaichomeka kwenye umeme mwenyewe. Baba akaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe, tena anayelia. Mashine ikanguruma. Ikatetemeka, na mkono ukatetemeka, na hukuweza kujua kipi ni kipi. Akashuka shavu la kushoto, akapita koromeoni bila kubana chochote, akihema kwa sauti juu ya kichwa cha rafiki yake.

Mwalimu akajipapasa. Kulia vidole viliteleza. Kushoto nilivisikia vikikwaruza kama kwenye gunia, nami niko mlangoni.

"Laini," akasema.

"Muongo," Baba akamwambia, akampangusa shingo.

Kisha akabaki katikati ya chumba na wembe mkononi. Akautia mfukoni. Akautoa. Akatazama rafu, akatazama droo, na mwisho akaja akaudumbukiza kwenye kapu langu, chini ya taulo chafu.

"Twende hiyo hospitali," akasema.