Picha Moja Nyuma

Nimefuga kuku tangu sijang'oka meno ya utoto, lakini siku ile, mbele ya wazazi wote wa shule yetu, nilimkodolea macho kuku wa kuchorwa kama mgeni aliyeshuka kwenye basi asubuhi ile. Nilimjua. Nilijua hata kwamba aliyemchora hajawahi kufuga, maana alimpa mkia wa jogoo na kichwa cha tetea. Jina tu halikuja. Na lilipokuja, kidole cha mwalimu kilishahamia kwenye kiti, nami nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Kuku!"

Wazazi wakacheka. Kidole kikaenda kwenye ndoo. "Kiti!" nikasema. Kikaenda kwenye jua. "Ndoo!" Mzee mmoja alicheka mpaka akavua kofia akajifutia machozi. Mwenyekiti wa kamati ya shule, aliyekaa mbele kwenye kiti chenye mikono, akasema, "Si niliwaambia? Ni ukoo."

Huyo ndiye mkosaji wa kwanza. Jina lake nalijua, tena ni jina pekee duniani linalonijia upesi, lakini aliyenipigia chapa maneno haya amenikataza kuliandika. Basi nitasema hivi: kabla hajawa mwenyekiti alikuwa mwalimu wangu wa darasa la pili.

Alikuwa na koti la kijani na fimbo ya mpera, na fimbo ile ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza kuonyesha picha ubaoni, ya pili mnaijua. Alionyesha harakaharaka, darasa zima lipige kelele: kuku, kiti, ndoo! Mimi nyumbani tulikuwa tunaongea Kishambaa, kwa hiyo aliyetangulia kuja kichwani alikuwa nguku, nikamfukuza, nikaanza kumtafuta kuku. Lakini hata vitu ambavyo jina lake ni lilelile kwa lugha zote mbili, kama nyumba, navyo vilichelewa. Sikukosea hata siku moja. Nilikuwa sahihi kila mara, ila kwa picha iliyopita.

"Wewe kichwani mwako kuna ukungu wa Julai," alisema, akanihamishia dawati la nyuma, chini ya dirisha lisilo na kioo. Huko ukungu wa Julai wenyewe ulikuwa unaingia, ukaniziba hata hizo picha. Darasa la nne nikaacha. Baba yangu, mkosaji wa pili, hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba binti mzito wa kusema huolewa upesi. Hilo nalo lilichelewa.

Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwenye pakiti za mbegu za kabichi, herufi moja baada ya nyingine, maana shambani hakuna anayekuonyesha kwa fimbo. Plamu zangu nauza kando ya barabara ya kwenda Irente. Mgeni anayepanda kutazama mandhari ananyooshea tunda kidole, anauliza hili ni nini. Nikishalipata jina, yeye na kijana anayemwongoza wameshafika kwenye kona. Plamu nyingi nimewatajia watu migongoni.

Sasa mwanangu wa mwisho, binti, yuko darasa la pili, shule ileile. Mwaka huu amekuja mwalimu mpya, msichana mdogo, na karatasi alizopewa kwenye semina. Siku ya wazazi, kabla ya mkutano, kila mzazi alikaa na mtoto wake atazame. Karatasi ina picha tano, zinarudiwa mstari kwa mstari: kuku, kiti, ndoo, jua na bibi aliyejifunga kitambaa kichwani. Mtoto anataja upesi awezavyo, mwalimu anahesabu muda kwa simu.

"Kuku... kiti... ndoo... jua... Shikamoo bibi."

Akangoja.

"Endelea, mama," mwalimu akamwambia.

"Hajaitikia," mwanangu akanong'ona.

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama mabati. Huku milimani mtoto akimpita mkubwa bila kuamkia, taarifa inafika nyumbani kabla yake, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ukishaamkia husogei mpaka uitikiwe. Na bibi yule yuko kila mstari! Mstari wa tatu mwalimu akaona heri aitikie mwenyewe, "Marahaba," akiwa nyuma ya karatasi, ili tumalize kabla ya chakula cha mchana.

Nikadhani kosa ni la bibi. Mwalimu akaleta karatasi nyingine, badala ya bibi kuna mti. Hakuna wa kuamkiwa. Mwanangu akachelewa vilevile. Nikaona midomo yake inavyolitafuta jina, nikahisi ulimi wangu mwenyewe unajikunja.

"Mama, vyote anavijua," mwalimu akasema. "Ila jina linachukua muda kutoka. Watoto wengi wa namna hii kusoma kunawawia kazi, maana herufi nayo unatakiwa uione na uitaje papo hapo. Si ujinga. Asikimbizwe, asipigwe, aanze kusaidiwa sasa."

Si ujinga. Miaka arobaini nimeishi nikidhani ni ujinga, halafu mtoto wa juzi ananiambia vile huku anakunja karatasi.

Mkutanoni mwalimu akaomba watoto wanaochelewa wakae mbele, waongezewe muda. Mwenyekiti akakohoa. "Mbele ni kwa wanaojibu. Wazito wakae nyuma, wasituvurugie darasa."

Nikasimama. "Mwanangu si mzito."

"Basi mama mtu apite hapa atuonyeshe wepesi wa nyumbani kwao."

Mengine nimeshayasema mwanzoni. Mwalimu huyo mpya, aliyeninyooshea picha, ndiye mkosaji wa tatu, lakini huyo nimemsamehe. Alinifuata nje akasema, "Nisamehe mama, nilimwogopa mzee." Nitamlaumu vipi? Hata mimi, nilipofika mbele kuaibishwa, nilianza kwa kumwamkia mzee huyo shikamoo, nikasimama pale nikingoja, naye akaitikia kwa nafasi yake.

Usiku ule mwanangu aliniuliza kama dawati la nyuma lina baridi. Nikamwambia dirisha limeshawekwa kioo. Halijawekwa, nilichungulia.

Kamati inakaa tena Jumatatu kuamua atakaa wapi. Nitakwenda, na sweta nitavaa. Namtaka mwenyekiti asimame mbele ya wazazi walewale waliocheka, ajibu: nilipokuwa mtoto nikasema kuku, huyo kuku alikuwepo ubaoni au hakuwepo? Kama alikuwepo, mimi dirishani nilipelekwa kwa kosa gani? Na huyu wangu anapelekwa kwa kosa gani? Ajibu kwa mdomo wake, asimsukumie katibu. Simwekei saa.