Meneja Hakuachiwa Pindo

Daktari alinipongeza. Hilo nalisema kwanza kabla hasira hazijanipeleka kwingine. Nimemshika mdogo wangu mkono, midomo imemgeuka rangi utadhani katoka kula zambarau, anahema kama aliyepanda ghorofa tano mbio, na kijana wa koti jeupe akaangalia kadi, akapiga hesabu ya miaka, akatabasamu.

"Thelathini na tisa? Hongereni. Kwa mtu wa hali ya Down, mmejitahidi sana."

Hongereni! Utadhani tumemletea mbuzi aliyenona.

"Sikuja kuchukua zawadi," nikamwambia. "Mdogo wangu anakosa pumzi. Mpime."

"Dada, hawa ndivyo walivyo. Wanachoka upesi. Apumzike tu nyumbani."

Nikampa vidonge vyake, tena mbele ya foleni nzima. Nilisema mpaka mlinzi akaja kuchungulia mlangoni. Mwisho kijana, ili nimwondokee tu machoni pake, akaandika barua twende hospitali kubwa kwa bingwa wa moyo. Lakini nisijitie usafi. Maneno yale ya "hawa ndivyo walivyo" nilikuwa nayasema mimi mwenyewe kwa miezi miwili. Meneja akilaza kichwa mezani saa nne asubuhi, namwambia, "Amka we mvivu, kazi haijifanyi." Naye anaamka, anasema, "Pole, Dada." Ananipa pole mimi!

Meneja si jina lake, ila hata mama alishasahau kumwita lingine. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba kimoja cha barabarani chenye cherehani mbili na meza ya kukatia. Yeye alikaa kwenye kiti cha mlangoni, na kazi yake ilikuwa vifungo. Alijifunza kushona kifungo akiwa na miaka kumi na tisa. Kilimchukua miezi minane, na mimi nusura nimtupe na kopo la vifungo nje. Alipojua, alijua. Hakuna nguo iliyotoka pale bila kupita mkononi mwake. Anavuta kila kifungo kwa nguvu zake zote, na kile nilichoshona mimi kikilegea, ananirudishia nguo yote mbele ya mteja. "Hapana. Rudia." Wateja wanacheka, mimi naona haya, narudia. Ndiyo maana wakamwita Meneja. Wapo waliomwita zezeta pia, hao niliwashonea suruali za kubana kiunoni na mapajani na sijutii.

Basi tukaenda kwa bingwa. Mama wa makamo, miwani puani, sauti ya chini. Alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: alimsalimia yeye kwanza. Akavuta kiti, akamuuliza yeye, si mimi, "Unaumwa wapi, kaka?"

Nikafungua mdomo kumjibia, kama ninavyofanya siku zote. Yule mama akaniinulia kidole.

Meneja akaweka kiganja kifuani. "Hapa. Pana mtu amekaa."

"Amekaa tangu lini?"

"Zamani. Siku hizi amenenepa."

Jamani! Miaka thelathini na tisa nalala ukuta mmoja na mtu huyu na sikuwahi kumuuliza. Nilijikaza kisabuni nisilie mle ndani.

Wakampaka mafuta ya baridi kifuani, wakampitishia kile kifaa cha picha. Baadaye bingwa akatuketisha akatueleza polepole, na mimi nitaeleza nilivyoelewa. Moyo wake una tundu. Amezaliwa nalo. Karibu nusu ya watoto wa hali yake huzaliwa na hitilafu ya moyo, kwa hiyo mtoto wa namna hiyo hupimwa moyo mapema, na tundu huzibwa akiwa bado mchanga. Wakizibwa, wengi wanafika miaka hamsini, sitini. Asipozibwa, damu inasukumwa kwenye mapafu kwa nguvu mwaka baada ya mwaka, mpaka mishipa ya mapafu inakuwa migumu. Ikishafika hapo, kuliziba tundu ni kumuua.

"Na yeye amefika hapo?"

"Amefika siku nyingi. Nitampa dawa za kumpa nafuu. Ila kifua chake hakiwezi mzigo mwingine. Akikohoa tu, mleteni siku hiyohiyo, msingoje." Akavua miwani. "Hivi alipozaliwa hamkuambiwa?"

"Hatukuambiwa," nikasema, na nilikuwa na uhakika kabisa.

Nyumbani nilimkuta mama jikoni, sinia la mchele magotini, anachambua mawe. Nikamwambia yote bila kupumzika, na namna nitakavyowashtaki wale wa zahanati ya zamani kama bado wako hai. Mama hakuinua kichwa.

"Tuliambiwa," akasema.

"Nini?"

"Mkunga alisikia moyo wake unapiga vibaya. Akaniandikia karatasi nimpeleke hospitali kubwa. Natoka, yule mkubwa wa zahanati akanisimamisha mlangoni. Akaniambia, mama, usijisumbue, watoto hawa hawafiki miaka kumi, utamtesa bure. Baba yako akasema tumsikilize mtu aliyesoma. Nikamfunika mtoto, nikarudi naye."

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya suruali. Mama ndiye aliyenifundisha ufundi. Sisi wengine wote alitushonea nguo zenye pindo la vidole vinne kwa ndani, ili tukirefuka alishushe, nguo moja ivaliwe miaka mitatu. Za Meneja alizikata kamili kwenye kisigino, hakuacha hata kidole. Nilipoanza kujifunza kukata nilimuuliza mbona, akanijibu, "Ya nini?" Nikadhani anasema kwa sababu ni mfupi. Shule hakumpeleka, ya nini? Meno hakutibiwa, ya nini? Akafika kumi, akafika ishirini, kila mwaka suruali inamwishia juu ya kifundo cha mguu kama mtu anayevuka dimbwi, na mama anakata nyingine, kamili vilevile. Alikuwa anamshonea mtu wa kufa.

"Alipopita miaka kumi, Mama! Kumi na mbili! Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza." Akatupa jiwe pembeni. "Halafu nikaona aibu kurudi kuuliza. Na baadaye nikazeeka, nikaanza kuomba atangulie yeye. Nikitangulia mimi, nani atamwangalia?"

"Na mimi je? Niko naye mchana kutwa, namwosha, namlisha, namvalisha viatu. Mimi nani?"

"Wewe mwanangu una maisha yako."

Maisha gani? Mwanamume aliyenichumbia nilimwacha kwa sababu alisema Meneja akae chumba cha nje. Mama alilijua hilo. Nilitoka jikoni nikaenda kukaa kwenye cherehani bila kushona kitu.

Dawa zilimsaidia. Kwa miezi mitano alirudi kunisumbua na "hapana, rudia". Kisha baridi ikaja, na asubuhi moja akakohoa. Mara moja tu, na mimi nikafunga duka. Saa mbili tuko mapokezi ya hospitali kubwa. Nikaonyesha barua ya bingwa, nikasema moyo, nikasema mapafu, nikasema siku hiyohiyo. Muuguzi alimwangalia usoni, barua hakuifungua.

"Huyu ni wa hali ile, si ndiyo? Hao vifua vimewazoea. Kaeni pale, kuna wagonjwa zaidi."

Tulikaa mpaka saa nane mchana. Nilipiga kelele, nikaambiwa nitatolewa na mlinzi, na nikanyamaza, kwa sababu ningetolewa angebaki peke yake, na asiyesemewa hapo hapimwi. Alipopata kitanda na mtungi wa hewa, kucha zilikuwa nyeusi. Siku ya tatu asubuhi akafariki, mkono wake umeshika kifungo cha blauzi yangu, anakivuta.

Cheti nilipewa kesho yake. Pale penye sababu ya kifo wameandika: hali ya Down. Basi. Hakuna moyo, hakuna mapafu, hakuna saa sita za benchi. Nikamrudishia karani, nikamwambia abadilishe. Akaniuliza nibadilishiwe nini, kwani ni uongo? Nilirudi mara nne. Mara ya nne bingwa alishuka mwenyewe akaandika upya, na karani akagonga mhuri huku amenuna.

Siku tuliyomzika, waombolezaji walijaa uani. Kila aliyenishika mkono aliniambia, "Ameishi sana, kwa watu wa aina yake." Niliwaitikia ahsante, nguvu za kugombana sikuwa nazo. Walipoondoka nikampakulia mama chakula, nikijua atakisogeza pembeni, maana tangu nipate akili zangu sijamwona akimaliza sahani. Siku zote ni matonge mawili, sikio liko chumba cha Meneja.

Mama alikula sahani nzima. Akaomba nyingine. Akanawa, akaenda kulala, na akafunga mlango.

Sijamsamehe. Na ndiye ninayempikia kila siku, na kila siku anamaliza.