Magoti ya Acom

Mtu asikudanganye kwamba mtu hufeli mtihani kwa ujinga tu. Acom wa kijiji cha Merikit, Uganda, hakuwa mjinga. Alikuwa amefundisha darasa la pili tangu ujana wake, hadi mwaka huu mkuu wa shule alipomwita na kumwambia wazi: bila diploma, muhula ujao darasa linapewa mwingine. Na Acom ni mjane. Darasa lile ndilo lililokuwa likiwalisha watoto.

Zamani aliwahi kuisomea diploma hiyo mjini Tororo, kwenye chuo chenye kuta na kengele. Mkufunzi wake, Bi Goretti, alikuwa mkali kama pilipili, lakini siku Arnold, mwanawe Acom aliyekuwa bado mchanga, alipolia katikati ya mtihani, huyohuyo Goretti alimbeba mgongoni, akazunguka naye kati ya madawati huku akiwachunga watu wasiibie. Mume alipofariki, chuo kikamshinda Acom. Ndipo alipoingia cha mtandaoni. Soma nyumbani kwa raha zako, tangazo lilisema. Raha gani, jamani? Anasoma kwa simu, kuku wanampanda miguuni, na mtandao ukigoma anakimbilia senta ya Mukuju kuutafuta.

Hata hivyo alifaulu karatasi zote, ikabaki moja. Sharti lake lilikuwa hili: kamera ya simu ikuone uso mwanzo hadi mwisho. Uso ukipotea, mtihani unafungwa, na haufunguki tena.

Siku yenyewe aliwapeleka watoto kwa jirani, akaegemeza simu kwenye mtungi, akaketi. Maswali aliyajua. Alikuwa ameanza kutabasamu, maskini, aliposikia hodi.

Alikuwa Mzee Imalingat, baba mkwe wake. Alisikia kanisani kwamba mkamwana wake ana mtihani, akatembea kutoka mbali kumletea karanga na kumwombea. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamsalimu kwa Kiteso.

"Yoga, Mama Arnold."

Kama hukuolewa kwa Wateso utasema, si angemwitikia tu palepale kitini? Thubutu! Mkamwana haitikii salamu ya baba mkwe akiwa amekalia kiti. Anapiga magoti, anainamisha macho, ndipo anajibu. Acom alikaza shingo, akajifanya hakusikia.

"Yoga," mzee akarudia, na safari hii sauti ilikuwa na uchungu, kama mtu anayejiuliza iwapo bado anakaribishwa katika nyumba ya marehemu mwanawe.

Magoti hayakumwomba Acom ruhusa. Yalikwenda chini yenyewe. "Yoga noi, papa," akaitikia, yaani salama sana, baba.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuijua kamera. Acom alipoinuka, kioo cha simu kilikuwa chekundu. Mtahiniwa ameondoka. Mtihani umefungwa.

"Uwii! Nimekwisha mimi!" Alibonyeza huku, akabonyeza kule. Akapiga namba ya chuo. Sauti ya mashine ikamshukuru kwa kupiga, ikamtaka abonyeze moja, kisha abonyeze moja tena, kisha ikamshukuru upya. Aliitupa simu juu ya meza, akajishika kichwa, akalia kwa sauti kama siku ya msiba.

Mzee alimuuliza kuna nini. Alipoelezwa, karanga zilimponyoka zikatapakaa sakafuni.

"Mwalimu wako yumo humo?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Mzee mzima, mvi tele, alipiga magoti mbele ya ile simu.

"Mwalimu, nisamehe. Kosa ni langu mimi. Huyu mtoto ana adabu tu, hakutoroka. Nakuomba, mrudishie karatasi yake amalize."

Alisubiri kwa heshima. Kisha akageuka.

"Mbona hanijibu?"

"Papa," Acom alisema kwa kwikwi, "hamna mtu humo."

"Hamna mtu?" Mzee aliitazama simu, akamtazama yeye. "Sasa ni nani aliyekufukuza?"