Rubisi Aliyoikataa Muhidini

Muhidini alikuwa fundi cherehani wa Kashai, mjini, mtu wa swala tano, na mbishi hata kwa mambo yasiyo na ubishi. Enzi za Mwingereza, mwaka buni ilipopanda bei, alinunua kibanja, shamba lenye nyumba, kule kijijini Kaagya ili mkewe Shamsa, aliyekuwa akikohoa, apate hewa safi na migomba yake mwenyewe.

Desturi ya Kaagya haikuwa siri. Mnunuzi huleta rubisi, majirani hukaa wakanywa, kisha huulizwa kama yupo mwenye neno juu ya kibanja kile. Muhidini kusikia pombe ya ndizi tu akakunja uso.

"Sinywi, sinunui, wala sikai inaponywewa."

Hakuna aliyemwomba anywe! Lakini nani angemwambia kitu? Akamkabidhi Anatory, muuzaji, fedha yake, akaondoka kifua mbele. Wiki ile ile Anatory akavukia Uganda.

Shamsa hakumaliza mwaka. Alizikwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba aliyoipanda.

Udongo wa kaburi haujakauka, akaja mjumbe wa mtwazi, bwana mwenye ardhi. Kumbe kibanja kilikuwa nyarubanja: anayekaa pale ni mtu wa mtwazi, na kila msimu humpelekea ushuru. Anatory alikuwa ameacha kupeleka zamani. Sasa deni ni la aliyepo. Alipe, au atoke.

Muhidini alimkimbilia jirani yake, mzee Protase.

"Tata, mlijua?"

"Tulijua sote."

"Mkanyamaza!"

"Tulikungoja tukae, mwanangu. Wewe ukatuona walevi."

Aliuza cherehani yake, deni likaisha. Ushuru wa kila msimu ukabaki, na ushuru wenyewe ulikuwa rubisi. Angeweza kurudi mjini, lakini angemwachia nani Shamsa?

Protase alimfundisha. Muhidini akavua viatu, akaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, akazikanyaga ndizi mbivu pamoja na majani huku akilia waziwazi. Siku ya kupeleka alipita kaburini na kibuyu kichwani, akamwomba mkewe radhi kwa sauti.

Mtwazi alionja, akatema. Nyepesi mno, alisema. Msimu ujao alete vibuyu viwili.